Surua, na "Hapana" Niliyoisema Mara Mbili

Komredi Kabula, mwanajumuiya mwenzangu katika nyumba hii ya watu wawili ambayo kuanzia kesho itabaki na mtu mmoja: nakusalimu kwa salamu za mapambano.

Najua umetabasamu. Umekuwa ukitabasamu hivyo tangu darasa la tatu, siku nilipokuita komredi mbele ya mwalimu wako wa hesabu, naye akaniuliza kwa upole natokea chama gani. Ni lugha niliyoiokota chuoni, na miaka yote hii ya kufundisha uraia sekondari haijanitoa humo. Leo naitumia kwa makusudi. Ndiyo lugha niliyokuwa nikiizungumza nilipofanya kosa ambalo barua hii inalihusu, na sioni haki ya kulikiri kwa lugha nyingine iliyo laini zaidi.

Basi lako linaondoka stendi ya Nyegezi kesho alfajiri. Sasa ni saa nane mchana. Umekwenda kuaga wenzako, na mabegi yako yamesimama karibu na mlango. Sitaandika kuhusu kula kwa wakati, wala baridi ya Mbeya, wala wavulana wa Mbeya. Hayo nimeyasema kwa mdomo hadi ukaanza kuyamalizia mwenyewe. Nitaandika kuhusu sikio lako la kushoto.

Jumamosi iliyopita Bibi alikuja kutoka Busisi, ng'ambo ya ziwa, akiwa na kifurushi cha majani. Akakwambia, "Shika, mjukuu wangu. Ukipata homa huko kwenye baridi, chemsha, jifukize." Nawe ukamjibu, "Bibi, majani yako yalishanila sikio moja. Hili lililobaki niachie nisikilizie wahadhiri." Mjomba wako Mabula alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Mama, umesikia? Mjukuu ana kesi na wewe." Bibi naye akacheka, akakirudisha kifurushi kwenye kapu lake. Mimi nilikuwa nakata vitunguu. Niliendelea kukata.

Utani huo una umri karibu sawa na wako. Familia nzima inaamini kwamba ulipougua surua ukiwa mchanga, Bibi alikukamulia majani sikioni na sikio likaharibika. Bibi hajawahi kukanusha. Nakanusha mimi, kwa kuchelewa miaka kumi na tisa.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nikisoma mwaka wa pili, mgombea urais wa serikali ya wanafunzi katika chuo kimoja upande wa Nyegezi. Wewe ulikuwa na miezi saba. Chuoni hakuna aliyejua kwamba sentensi hizo mbili zinahusiana. Nilikuwa nimeahirisha masomo mwaka mmoja kwa sababu nilizoziita za kiafya, nikajifungua Busisi, nikakuacha kwa Bibi, nikarudi darasani. Baba yako alikuwa amekwenda Geita na hakurudi, hilo unalijua. Kila Jumamosi nilivuka na kivuko kuja kukunyonyesha, na wenzangu niliwaambia kwamba mama yangu ni mgonjwa. Hakuna kanuni ya chuo iliyonikataza kuwa na mtoto. Kilichonikataza ni bango langu mwenyewe. Nilikuwa nimejinadi kama mgombea asiye na cha kuficha.

Hosteli zetu zilikuwa wiki ya tatu bila maji, na ziwa lilikuwa linaonekana kutoka dirishani. Unaweza kukisia nilivyolitumia ziwa hilo katika hotuba. Alhamisi tuliandamana. Kabla hatujafika barabara kuu tulipigwa mabomu ya machozi, tukatawanyika tukikohoa, macho yakiwaka, makamasi yakitutoka kama watoto. Jioni ile tulikaa bwenini tukihesabiana majeraha kwa furaha ambayo sasa naiona ya ajabu.

Ijumaa macho ya wenzangu yalikuwa yametulia. Yangu yalikuwa mekundu zaidi. Kikohozi kilikuwa kimeongezeka, mafua yalikuwa hayakatiki, na homa ilikuwa imeanza. Masanja, meneja wangu wa kampeni, alinitazama kwa heshima. "Kamanda, wewe bomu lilikupata uso kwa uso." Nilikubali. Nilivaa miwani ya jua ndani ya chumba kwa sababu mwanga ulikuwa unanichoma, na wapiga kura walipokuja kunijulia hali nilihakikisha wanaona kwamba nimeivaa. Hapo ndipo penye kosa la kwanza, na ni kosa ambalo watu wa aina yetu tu wanaweza kulifanya: niliupokea ugonjwa kama nishani.

Jifunze tofauti hiyo, kwa sababu utaishi bwenini na watu wazima ambao kila mmoja ana maelezo yake tayari. Moshi wa bomu hauleti homa, na muwasho wake huanza kutulia mapema, ukishapata hewa safi na kunawa uso. Surua huenda kinyume: huanza kama mafua ya kawaida, halafu kila siku inazidi. Homa inapanda. Macho yanakuwa mekundu na yanakimbia mwanga. Kikohozi ni kikavu, na mwili unauma kama uliobeba mizigo. Siku hizo zote, kabla upele haujatokea, mgonjwa tayari anaambukiza. Anakohoa ukumbini, anashikana mikono, na hewa ya chumba alichotoka inabaki na ugonjwa kwa muda baada ya yeye kuondoka.

Mimi sikuwa nimekaa ukumbini tu. Jumamosi, saa kumi jioni, niliingia kwa Bibi, Busisi, nikakuchukua kutoka mgongoni kwake, nikakunyonyesha. Nililala nawe usiku ule. Bibi aliniambia, "Una homa, wewe." Nikamjibu kwamba ni mambo ya mapambano. Hakuelewa, na mimi sikutaka aelewe. Jumapili mchana nilirudi.

Jumatatu nilihutubia ukumbi uliojaa. Nilipokuwa nakunywa chai kabla ya kupanda jukwaani nilihisi kitu kama chembe za chumvi ndani ya mashavu, karibu na magego, nikadhani chai imeniunguza. Zile zilikuwa alama za surua, madoa madogo meupe yanayotangulia upele kwa siku moja au mbili. Ukimwona mtu mzima mwenye homa na macho mekundu, mwambie afungue mdomo karibu na mwanga. Mimi nilifungua mdomo wangu mbele ya watu mia kadhaa, na hakuna aliyetazama ndani yake.

Jumanne asubuhi upele ulikuwa nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani upesi. Niliugundua kwa vidole, ngozi ilikuwa na vijipele kama ukuta uliopakwa mchanga. Kufikia saa mbili ulikuwa umeshuka usoni na shingoni. Jumapili usiku nilikuwa nimenunua dawa ya malaria duka la dawa, bila kipimo, kama tufanyavyo wengi wetu tukipata homa. Nikaamua kwamba dawa imenikataa. Masanja na Kokugonza, katibu wetu, wakanipeleka zahanati kwa ajili hiyo.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwenye kamba. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa, akaendelea kuandika. Kisha akanitazama mara moja tu.

"Binti, hiyo ilianzia wapi, usoni au tumboni?"

"Nyuma ya masikio. Ni dawa, sista. Imenikataa."

"Fungua mdomo." Alimulika kwa tochi. "Dawa haiandiki huku ndani. Hii ni surua."

Masanja akacheka. "Sista, surua si ya watoto? Huyu ni mgombea urais."

"Virusi havisomi mabango, baba. Ulichanjwa utotoni, binti?"

Sikujua. Baadaye Bibi alinionyesha kadi yangu ya kliniki, na mahali pa chanjo ya surua palikuwa patupu. Siku ile aliponipeleka chanjo ilikuwa imekwisha, wakamwambia arudi, na wiki iliyofuata palikuwa na mavuno. Watu wazima wengi wamebeba nafasi tupu kama hiyo bila kujua, na watu wa namna yangu wanaitafsiri kuwa ni afya. Wewe uliugua, kwa hiyo kwa kawaida surua haitakurudia. Wenzako chumbani waulize kadi zao. Asiyejua iliko yake, akachanjwe. Kuchanjwa mara ya pili hakumdhuru mtu, isipokuwa mjamzito, ambaye husubiri hadi ajifungue.

Muuguzi akavuta daftari. "Tangu Ijumaa umekaa na nani? Namtafuta mtoto hasa. Mtoto mchanga. Kama yupo aliyekutana na wewe tangu Jumamosi asubuhi, kuna chanjo inaweza kumuwahi, mradi siku tatu hazijapita. Hata kama ana miezi sita, saba, anachomwa. Si uhakika wa asilimia mia, lakini inaweza kumkinga au kuupunguza makali."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na robo. Siku tatu zako zilikuwa zinakwisha saa kumi jioni ile. Kivuko kilikuwa kinafanya kazi. Masanja alikuwa amesimama upande wangu wa kulia, Kokugonza kushoto.

"Hapana," nikasema. "Hakuna mtoto."

Alishusha macho kifuani pangu. Maziwa yalikuwa yamepenya kitambaa nilichokuwa nimejiwekea ndani ya blauzi, na mwanamke wa kazi ile hahitaji tochi kuona kitu kama hicho. Akawaambia wenzangu, "Ninyi wawili, nisubirieni nje." Walipotoka alifunga mlango, akarudi kukaa.

"Sasa tuko wawili. Kuna mtoto?"

Kabula, hapa ndipo nilipoacha kuwa na udhuru. Hadi sekunde ile ningeweza kusema kwamba nililazimishwa na waliokuwepo, na muuguzi yule, kwa akili kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye katika siasa, alikuwa ameniondolea watu hao. Mlango ulikuwa umefungwa. Hakukuwa na mpiga kura. Nilichotakiwa kusema kilikuwa neno moja lenye herufi nne: yupo.

"Nimeshakujibu, sista. Hapana."

Nimejiuliza kwa miaka ni kwa nini. Jibu nililonalo si la kupendeza. Nilikuwa nimejizoeza kwamba msimamo ukishatangazwa haubadilishwi. Tulikuwa tunawazomea wale wanaobadilisha. Tulikuwa na nyimbo za kuwazomea. Kwa hiyo neno lilipokwisha kunitoka likawa msimamo, na mimi nikawa mlinzi wake. Nilikuwa hodari wa kushikilia jambo kuliko wa kulipima. Nimesoma tena aya hii na naona naanza kujitetea kwa ufasaha, jambo ambalo ni tabia yangu pia. Niliulizwa mara mbili, nikasema hapana mara mbili, na mara ya pili hakuna aliyekuwa akinitazama isipokuwa mtu aliyetaka kukuokoa.

Akaandika. Akanipa paracetamol, akanipa vitamini A ya siku mbili, akaniambia nijitenge hadi siku nne zipite tangu upele utokee, ninywe maji na uji hata kama sitaki, nisiende darasani, na nirudi haraka nikibanwa na pumzi, nikichanganyikiwa, au masikio yakiuma. "Na usinunue antibaiotiki dukani," akasema. "Hii inapita kwa kupumzika. Antibaiotiki tutakupa sisi, tukiona sababu."

Nilijitenga katika chumba cha uani cha shangazi yake Kokugonza, hapahapa Kiseke. Sitaupamba ugonjwa. Mtu mzima huumwa surua vibaya kuliko anavyotarajia. Upele ulishuka hadi miguuni kwa siku tatu, homa ikafika mahali ambapo nilikuwa nasikia makofi ya ukumbini, kisha ikashuka yenyewe. Niliziba dirisha kwa khanga kwa sababu ya macho. Shangazi, ambaye aliugua surua utotoni, aliniletea uji wa ulezi na kunikatalia kuoga maji ya majani. "Maji matupu ya uvuguvugu yanatosha," alisema. "Ngozi imechoka, usiitie viungo kama pilau." Upele ukageuka kahawia, ngozi ikachambuka kama pumba. Kila mtu akasema nimepona.

Sikuwa nimepona, na hilo nalo lijue kwa ajili ya wenzako. Surua huondoka na kinga ya mwili ikiwa imechakaa. Wiki kadhaa baadaye nilikuwa bado napumzika katikati ya ngazi, kikohozi hakijaisha, na mafua yoyote yaliyopita mtaani yaliingia kwangu. Anayetoka surua apewe muda, ale vizuri, asikimbizwe kurudi kwenye mitihani wala kwenye majukwaa. Mimi nilikimbizwa, na aliyenikimbiza ni mimi. Wanafunzi wawili walioketi safu ya mbele Jumatatu ile waliugua baada yangu. Walipona. Sikuwahi kuwatembelea.

Uchaguzi ulifanyika Jumatatu iliyofuata, nikashinda. Jumatano Bibi akapiga simu. "Mtoto ana homa. Macho yake kama yako siku ile."

Nilivuka mchana uleule. Ulikuwa na upele tayari ulipofikishwa hospitali, na siku ya tatu wodini sikio lako la kushoto lilianza kutoa usaha. Daktari alituita, mimi na Bibi. Alieleza kwamba surua imeleta maambukizi ndani ya sikio, usaha umetoboa ngoma kutoka ndani, na kwamba sehemu ya usikivu huenda isirudi. Akauliza, "Kuna mtu mzima aliyeugua karibu na mtoto huyu?" Bibi alinitazama. Paji langu la uso lilikuwa bado linachambuka. Alinitazama kwa muda wa kutosha kuhesabu siku, kisha akainamisha macho kwenye shuka lako. Mimi nilisema sijui.

Jioni ile, kwa kukata tamaa, Bibi alikukamulia majani aliyokuja nayo ndani ya khanga, matone machache. Daktari alipogundua alimkemea, akamwambia asirudie, kwamba sikio lililotoboka halitiwi kitu. Lakini alisema pia, mbele yangu, kwamba si majani yaliyoliharibu. Kesho yake Mjomba Mabula alifika, akaona pamba yenye rangi ya kijani.

"Mama, umemwekea nini mtoto?"

"Majani," Bibi akajibu. Hilo lilikuwa kweli.

"Basi ndiyo hayo yamemuua sikio."

Nilikuwa nimeketi kati yao. Nilikuwa rais wa wanafunzi, mtu wa kusimama na kunyoosha kidole. Nilikunja nguo zako. Tangu siku hiyo maelezo ya Mabula ndiyo yamekuwa maelezo ya familia: kwenye sikukuu, kwenye misiba, na Jumamosi iliyopita mbele ya vitunguu vyangu.

Nilizungumza na Bibi mara moja tu juu ya jambo hili, siku niliyohitimu, tukiwa nyuma ya ukumbi. Nilianza, "Mama, kuhusu lile sikio." Akanikatiza. "Wewe una mtoto wa kulea na kazi ya kutafuta. Mimi niache na majani yangu." Nilichukua maneno hayo kama ruhusa. Hayakuwa ruhusa; zilikuwa siku chache alizonipa nijikusanye, na nikazifanya miaka.

Sitakuomba msamaha katika karatasi hii, kwa sababu ombi lililoandikwa halimpi aliyeombwa nafasi ya kukatiza. Wala sitaki uondoke ukifikiri kwamba somo ni chanjo, ingawa chanjo ingetosha kutuepusha sote. Kuna siku utaulizwa swali na mtu mwenye tochi mkononi na mlango uliofungwa, na utakuwa tayari umeshajibu uongo mbele ya watu. Swali la pili ndilo litakalokupima. Mimi lilinipima, unajua matokeo.

Ukisharudi na kusoma haya, unaweza kutonisemesha; nitaelewa. Naomba jambo moja tu, kwamba usiondoke nyumbani kabla ya kikao kilichotajwa hapa chini. Bibi yuko njiani kutoka Busisi; siku hizi kuna daraja, hakawii. Mabula nimempigia simu, nikamwambia asikose, akauliza kuna nini, nikamwambia atasikia. Nimewaita wote kwa sababu kosa hili liliishi mbele ya wote.

Wanajumuiya, kikao ni leo, saa moja kamili jioni, sebuleni kwetu, Kiseke. Bibi ataketi kiti cha mbele. Ajenda ni sikio la Kabula. Msemaji ni mimi, nitasema bila karatasi, na yeyote ataruhusiwa kunikatiza.